Mzee wa Upande Huu na Upande Ule

Tangu Mwalimu azikwe, mji mzima wa Tabora umegundua kwamba ulikuwa unampenda. Nawasikia. Watu waliokuwa wakivuka barabara wakimwona anakuja na mfuko wake wa chaja mbovu, leo wanasimulia jinsi walivyokuwa wakikaa naye saa nzima wakifaidi busara zake. Hongereni sana. Mimi niliyeshinda naye karakana moja kule Chemchem miaka sita, nikivuta moshi wake wa kulehemu na kusikiliza kelele zake asubuhi hadi jioni, nasema hivi: alikuwa mgumu, mbishi, mwenye kuudhi, na mara nyingi alikuwa sahihi. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma zaidi.

Alizaliwa wapi, ukoo gani, sijui. Nilimuuliza mara moja tu, akanijibu kwamba mota haiulizi fundi katokea kijiji gani. Nilipomkuta alikuwa mzee tayari, anafundisha umeme chuo cha ufundi, miwani yake imeungwa kwa utepe mweusi wa umeme. Alinifundisha, akastaafu, akafungua karakana, nami nikapanga kona humo kwa sababu mafundi wengine wa mjini walikuwa bado wanajadiliana kama mwanamke anaweza kushika bisibisi. Mwalimu hakuwa na shida hiyo. Msije mkadhani ni wema. Yeye alikuwa haamini kwamba mtu yeyote, awe mwanamume awe mwanamke, anajua kushika bisibisi.

Na mimi, kwa ujinga wangu, nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake. Aseme mbele ya watu, hata mara moja, kwamba mimi ni fundi. Basi. Nilikaa miaka yote hiyo nasubiri.

Ukiingia kwake na "shikamoo Mwalimu," hujibiwi marahaba. Unajibiwa, "Vua saa." Kama huna saa, "Vua pete." Rafiki yangu mmoja alikuja kunisalimia wiki moja baada ya harusi yake, akaambiwa avue pete kabla hajakaribishwa kiti. Alitoka nje ananiangalia kwa macho makubwa. "Shoga, huyu mzee vipi? Ananitaka?" Ilibidi nimweleze kwamba Mwalimu hataki chuma kwenye mkono unaokaribia umeme, na kwamba kwa habari ya mapenzi asiwe na wasiwasi, mzee yule alishindwa hata kukumbuka jina la mbuzi wake.

Katikati ya meza ya kazi alikuwa amepaka mstari mwekundu kwa rangi ya mafuta. Kushoto ni upande ule, wa umeme wa kuua. Kulia ni upande huu, wa umeme mdogo. Kazi zetu nyingi zilikuwa za mota za DC, za mashine ndogondogo, zile zinazotakiwa kuanza taratibu kisha kuongezewa mwendo. Mashine kama hiyo ina vitu viwili. Kuna kidhibiti mwendo, ambacho kinachukua umeme wa ukutani na kuusukuma kwenye mota. Halafu kuna kadi ndogo ya volti tano, ambayo kazi yake ni kukiambia kidhibiti: anza, ongeza, punguza, simama. Kidhibiti kinaweza kukuua. Kadi haiwezi hata kukutekenya. Mwalimu aliishi duniani kwa ajili ya kuhakikisha kwamba hawa wawili wanazungumza bila kugusana.

Ole wako bisibisi yako ivuke mstari. Nimemwona akimfukuza mteja mtu mzima, mwenye kitambi na funguo za gari, kwa sababu aliweka simu yake juu ya rangi nyekundu. "Upande huu au upande ule? Amua!" Mteja hakuamua, akaondoka. Kikombe cha chai cha Mwalimu kilikaa upande huu. Sukari pia. Siku mke wake alipoleta andazi na kuliweka upande ule, alikataa kulila.

Darasani alikuwa na somo moja ambalo wanafunzi wake wote wanalikumbuka, hata wale waliofeli, nao walikuwa wengi. Aliwaita wawili mbele. Mmoja akamfungia ndani ya ofisi yenye dirisha la kioo, mwingine akamwacha nje na tochi. "Wewe wa nje, ukimulika mara moja, mwenzako atembee polepole. Ukimulika mara mbili, akimbie." Wa nje akamulika mara mbili, wa ndani akaanza kuizunguka meza ya ofisi kama kichaa. Mwalimu akaligeukia darasa.

"Habari imefika?"

"Imefika, Mwalimu."

"Na wa nje ameingia ndani?"

"Hajaingia, Mwalimu."

"Akishikwa na wazimu huyu wa ndani, akavunja viti, wa nje ataumia?"

"Hataumia, Mwalimu."

"Basi. Tokeni nje, mmeshajua kila kitu."

Ndivyo alivyotufundisha opto, kidude cheusi kidogo kuliko punje ya muhindi, ambacho upande mmoja kina taa na upande wa pili kina jicho. Kadi inawasha taa, jicho linaona, kidhibiti kinatii, na katikati hakuna waya. Ni mwanga tu unaovuka. Aliyekuwa ndani siku ile nilikuwa mimi, na Mwalimu alisahau kunifungulia mpaka kipindi cha hesabu kikaisha.

Mtaalamu wa kuharibu somo hilo alikuwa fundi wa hapa kwetu, na hapa kwetu mafundi wengi tumejifunzia kwenye magari na sola. Kwenye gari waya mweusi ni waya mweusi: unaufunga popote kwenye bodi, maisha yanaendelea. Basi fundi huyo ukimpa kidhibiti mwendo cha umeme wa ukutani, anatafuta waya mweusi wa kadi, anatafuta waya mweusi wa kidhibiti, anaziunganisha vizuri kabisa, halafu kwa usafi wa moyo anazifunga kwenye boksi la bati. Hajui kwamba ule mweusi wa kidhibiti haujatenganishwa na umeme wa ukutani. Yaani ameipeleka njia ya umeme hadi kwenye boksi ambalo watu watalishika. Mwalimu aliliita kosa hilo "undugu wa rangi," na alikuwa akilitaja kama watu wengine wanavyotaja kipindupindu.

Opto zenyewe zilikuwa shida kupata. Mhindi wetu wa vipuri karibu na soko alikuwa anampenda Mwalimu lakini hakuwa na dawa yake. "Mwalimu, hivi vidogo vidogo mimi siagizi, vinapotea kama mchele. Chukua rilei." Mwalimu alikuwa akichukia rilei, zile swichi za sumaku, kwa sababu zinagonga gonga. Akagundua kwamba ndani ya kila chaja ya simu ya maana mna opto moja, nzima, inasubiri kukombolewa. Mzee wetu akageuka mzoa taka. Alitangaza kanisani. Alimwomba jirani yake Mwislamu atangaze msikitini. Sikukuu ya Idi jirani akamletea sahani ya biriani na mfuko wa chaja mbovu, naye akaanza na mfuko. Biriani niliila mimi, ilikuwa tamu sana.

Sifa hakuwa nazo. Yaani za kutoa. Ukimwonyesha kazi uliyoikesha... hapana, ukimwonyesha kazi uliyoihangaikia wiki nzima, anaizunguka, anaipima kila skrubu, kisha anasema, "Haijaua mtu bado." Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya juu kabisa. Alikuwa akiitumia kwa ugali, kwa mahubiri, na kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, alipopewa kipaza sauti amkaribishe mkwe, alisema hivyo hivyo. Upande wa bwana harusi ulipiga makofi kwa wasiwasi.

Wageni wakija mjini wanapelekwa kuonyeshwa njia ya zamani ya misafara, wanaelezwa jinsi pembe za ndovu na wapagazi walivyopita hapa kwetu kwenda pwani. Mwalimu alikuwa akisikiliza maelezo hayo kwa subira ambayo hakuwahi kutupa sisi, kisha anawauliza wageni, "Vyote vilipita, sivyo? Na umeme ni hivyo hivyo. Hana haja na wewe. Anataka kupita tu, aende ardhini. Ubaya ni kwamba umesimama njiani." Wageni walikuwa wakiandika.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu nyumbani kwake Cheyo, enyi mnaolia leo. Mzee huyu aliyekataa andazi lililovuka mstari, swichi ya sebuleni kwake ilikuwa imetoka ukutani inaning'inia kwa nyaya zake. Mke wake, ambaye sote tulimwita Bibi, alikuwa akiiwasha kwa mti wa ufagio. Pasi ilikuwa imeungwa waya kwa mfuko wa sukari. Nilipoona mara ya kwanza nilidhani nimekosea nyumba.

"Mayo! Usiguse hapo, mwanangu," Bibi aliniambia, ananivuta mkono. "Hapo kunauma."

"Bibi, na Mwalimu hajatengeneza?"

"Atengeneze lini? Anatengeneza za watu wenye akili. Sisi huku tumezoea." Akakamata ufagio wake, akawasha taa, akaenda zake jikoni. Nilipomkabili Mwalimu kesho yake, alinijibu kwamba nyumbani anajua kila waya ulipo, na mtu anayejua mahali pa hatari haumwi. Nilimwambia Bibi hajui. Alinuna siku mbili, na swichi haikutengenezwa.

Ndipo ikaja habari ya asali. Kikundi cha akina mama wa parokia moja ya kijijini kilipata mfadhili, na mfadhili akataka mashine ya kukamulia asali: pipa la bati safi, ndani kikapu cha kuwekea masega, chini mota. Ikianza kwa kasi masega yanavunjika na asali inatoka na nta na mabuu. Lazima ianze taratibu. Kazi ile nilipewa mimi. Si Mwalimu, mimi. Kitu kimoja tu mfadhili alidai: fomu ya ukaguzi isainiwe na mtu wa umeme mwenye uzoefu, na hapo hapakuwa na mwingine ila yeye.

Nilifanya haraka. Sitajitetea. Siku ya uzinduzi ilikuwa imetangazwa, diwani amealikwa, ng'ombe kachinjwa, na mimi opto zangu mbili za chaja zilikuwa zimekufa. Nikajiambia, kwa leo tu, nikaunganisha mweusi na mweusi. Mimi! Niliyefungiwa ofisini nikikimbia kuizunguka meza! Nikaufunga na kwenye boksi la kitufe, kama fundi wa gari. Nikaiwasha mezani, ikaanza taratibu kama bibi harusi, nikaishika kila mahali, hakuna kitu. Mwalimu alisimama mlangoni akiitazama inazunguka. Akachukua kalamu, akasaini. Hakupima hata skrubu moja. Nilidhani mgongo unamuuma.

Kumbe meza ile ilikuwa na siri iliyokuwa wazi kwa wote. Chini yake Mwalimu alikuwa amefunga transfoma kubwa, inachukua umeme wa ukutani na kutupa mwingine usio na uhusiano wowote na ardhi. Umeme wa meza ile ukikushika hauna pa kwenda, kwa hiyo haukusumbui. Aliifunga ili sisi wapumbavu tusife. Kwa hiyo pale mezani hata mashine ya kuua watu ingeonekana mpole.

Siku ya uzinduzi sakafu ya ukumbi ilikuwa imedekiwa, maji hayajakauka. Mama Mwenyekiti wa kikundi alikuwa amevua ndala kwa heshima ya siku, amekwisha kunawa asali mikononi, anasubiri diwani amalize hotuba ili yeye awe wa kwanza kubonyeza. Mashine ilikuwa imechomekwa. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Ndipo bodaboda ikaingia mpaka chini ya turubai la mlangoni, Mwalimu akashuka, hakumsalimia mtu, akampita diwani katikati ya sentensi kuhusu maendeleo, akachomoa plagi.

"Hakuna atakayegusa," akasema.

Diwani akauliza, "Mzee, kuna nini?"

"Mheshimiwa, samahani, kaa mbali na bati."

Akatoa mfukoni taa yenye nyaya mbili. Waya mmoja akaufunga kwenye bomba la maji, mwingine kwenye boksi langu, kisha akachomeka plagi upya. Taa ikawaka. Haikuwaka sana, lakini hakuna aliyekuwa na shida ya kuiona. Mama Mwenyekiti akaitazama taa, akaitazama mikono yake inayodondoka maji, akarudi nyuma hatua tatu bila kugeuka. Diwani alimalizia hotuba akiwa barabarani.

Mwalimu akawaambia watu, "Kazi hii haijaisha." Akanitazama, akapanda bodaboda, akaondoka. Fomu yenye saini yake ilikuwa pale mezani, chini ya chupa ya asali ya mgeni rasmi, na hakuna aliyeiulizia.

Niliirekebisha ile mashine ndani ya wiki, kwa opto, boksi peke yake, kila kitu upande wake, na akina mama wanaitumia mpaka leo. Lakini mji ulishanipa jina. Dada Shoti. Sokoni, kanisani, hata fundi cherehani ananiuliza kama kitenge changu kina umeme. Nilijua kosa ni langu, na nililia kwa ajili ya mikono ile ya Mama Mwenyekiti, nililia kweli. Ila nilijua pia nani alisaini. Mzee mwenye jina lake alikuwa ameniacha pale nisemwe na watu peke yangu, akaenda kunywa chai. Nikabeba vyombo vyangu kutoka Chemchem, nikafungua karakana yangu. Hatukusemeshana miaka mitatu.

Nilimwona tena mwaka jana. Nilikuwa nimetengeneza mashine ya kusukia maziwa, ya samli, kwa wafugaji wa kule Choma, na nilikuwa naipeleka kwa guta la kukodi. Njiani nikamwambia dereva tupitie Cheyo injini ipoe. Injini ilikuwa haijapata moto. Nilikuwa nimesikia presha imempiga Mwalimu, mguu mmoja na mkono mmoja havifanyi kazi.

Alikuwa amekaa kibarazani, amekonda, miwani mipya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti." Akalitazama guta. "Nini hiyo?"

"Ya samli. Inakwenda Choma."

"Ishushe."

Tuliishusha. Akaizunguka kwa macho, maana miguu haikuweza. Kisha akasema bila kunitazama, "Siku ile ya asali nilisaini bila kupima."

"Najua, Mwalimu. Nilikuwepo."

"Hujui. Kila aliyepita mikononi mwangu, kazi yake niliipima mwenyewe, hata ya mwanangu wa kumzaa. Yako niliiona inazunguka, nikasema, ah, huyu ni yeye, huyu hana haja ya kupimwa. Siku ya sherehe nakunywa chai ndipo nikakumbuka kwamba meza ina transfoma. Sijui nilifikaje kule."

"Ukafika ukaniaibisha."

"Nikafika nikachomoa waya. Halafu nilipaswa kusema kwamba saini ni yangu. Nikaona watu wananitazama, nikanyamaza." Mkono wake mzima ulikuwa unakuna goti. "Nisamehe."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya miaka mitatu, mazuri, yenye meno. Nikayaacha. Sifa niliyoihangaikia muda wote ule alishanipa tangu siku ya fomu, kimyakimya, mlangoni, na ilibaki kidogo imuue mama wa watu. Nilisikia hasira na uchungu na furaha, vyote pamoja, nikashindwa kujua nianze na kipi. Nikamwambia, "Yameisha, Mwalimu. Na mimi nilidanganya kwa kuharakisha."

"Chomeka," akasema.

"Hapa hakuna transfoma."

"Ndiyo maana nasema chomeka."

Nikavuta waya hadi kwenye soketi ya sebuleni, nikachomeka. Bibi alikuwa ametoka na birika na beseni, anamnawisha mumewe kwa ajili ya chakula. Akamaliza mkono ule mzima, na kabla hajamfuta, Mwalimu akaunyoosha, unadondoka maji, peku, miguu kwenye saruji, moja kwa moja kwenye kitufe cha mashine yangu. Hakuuliza kama nimepima. Hakuuliza kitu.

"Mwalimu, toa mkono!" Nilipiga kelele mpaka dereva wa guta akasimama. Nilimpiga kofi mkononi, mwalimu wangu, mzee mgonjwa, mbele ya mke wake.

Akaurudisha mkono, akauweka hewani, akasubiri. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimeipima mashine kule karakana mara mbili, nikaipima mara ya tatu. Mguu mmoja wa mita kwenye bomba la bustani, mguu wa pili kwenye boksi: sifuri. Kwenye kitufe: sifuri. Kisha skrubu, nane, moja moja: sifuri, sifuri. Nilichukua muda wangu. Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye kiwiko na chakula kinapoa na Bibi ameshika taulo, na yule mzee ananitazama napima, macho yamemjaa machozi.

Nilikuwa nampenda na sikuwahi kumwambia. Sikumwambia siku ile pia. Nilikuwa sijamaliza skrubu.